Shika na Shuka

Kambi ya Pili, mlimani
Jumanne asubuhi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba nyonga haikusumbui sana katika baridi hii. Mimi ni mzima, isipokuwa midomo imepasuka na pua imechubuka kwa jua hadi mwenzangu mmoja, daktari wa meno, ameanza kuniita Nyanya. Naandika kwa penseli kwa sababu wino umeganda ndani ya kalamu, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Kambi yetu ni mahema matano yaliyosimikwa juu ya barafu. Kila asubuhi mpishi anachota theluji kwa koleo, anaijaza kwenye sufuria, na inamchukua karibu saa nzima kupata chai ya watu wanane. Hewa ni haba. Kufunga viatu tu kunakuacha unahema kama mtu aliyepanda ghorofa kumi na ndoo mbili. Kilele hatukioni kutoka hapa. Kimejificha nyuma ya ukuta wa barafu uliosimama wima, mrefu kuliko jengo lolote tuliloosha vioo vyake mimi na wewe.

Tangu tuanze kupanda nimekuwa nikiyawaza yale uliyoniambia siku uliponisindikiza stendi. Ulisema chuo cha ufundi kimekuomba uwafundishe vijana kazi ya kamba, kwamba wanataka jibu kabla mwezi haujaisha, na kwamba utakataa. Nilipokuuliza sababu ulisema mtu ambaye ulimi wake ulimsaliti akiwa hewani hana la kumfundisha mtu mwingine. Nilikupiga begani nikasema basi langu linaondoka. Basi lilikaa pale robo saa nzima, kaka, na mimi nilikaa dirishani nikijifanya natafuta kitu kwenye begi.

Kiongozi wa msafara wetu ni mama mfupi aliyekula chumvi nyingi. Ameupanda mlima huu mara kumi na moja, na sijamsikia akipandisha sauti hata siku moja. Siku ya kwanza, kabla hatujagusa barafu, alituketisha kwenye hema la kulia chakula, akamtaka kila mmoja ataje maneno anayotumia akiwa kwenye kamba. Zamu yangu ilipofika nikayataja yale yetu. Unakumbuka wenzetu juu ya paa walikuwa wakisema shusha. Wewe ndiye uliyeanza kusema shuka, ukiongea na kamba yenyewe kama mtu anayemwamrisha punda, nami nikaiga. Shika, inashika. Shuka, inashuka.

Mama yule alinikatiza hapo hapo. Alisema maneno hayo mawili yakiingia kwenye upepo ni mapacha: yanaanza sawa, yanaisha sawa, na kile kilichopo katikati ndicho upepo unachokimeza. Kuanzia leo, akasema, shuka ni lile la kitandani tu; kwenye kamba tutasema teremsha. Wenzangu walivunjika mbavu. Daktari wa meno aliuliza kama tumebeba na foronya. Mimi nilitoka nje nikisingizia kifua, nikasimama nyuma ya hema mpaka miguu ikafa ganzi.

Basi tukaendelea. Tumepanda na kuteremka sehemu hizi za chini karibu wiki tatu ili miili izoee, na daktari wa meno ndiye mwenzangu wa kamba. Ni mtu wa mizaha, mwenye tumbo dogo na roho kubwa, na huniuliza kila siku kama ninapiga mswaki. Jumamosi tuliupanda ule ukuta wa barafu kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa juu yangu, labda kimo cha ghorofa nne, mimi chini nikiwa nimeshika kamba yake. Upepo ulianza ghafla. Niliona mguu wake ukipapasa, meno ya chuma ya kiatu chake yakikwaruza bila kuuma, kisha akapiga kelele neno moja.

Sikulisikia. Nilisikia mwanzo wake na mwisho wake tu. Kaka, mkono wangu wa kulia ulianza kulegea wenyewe, kabla sijaamua lolote, kana kwamba unaijua njia. Niliufunga kwa nguvu zangu zote nikaegemea nyuma. Yeye aliteleza, kamba ikavutika, akabaki ananing'inia huku akizungukazunguka, mzima. Tulikaa hivyo mpaka kiongozi alipomfikia kwa kamba nyingine.

Tuliporudi kambini alinikumbatia akilia waziwazi. Kisha alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo linamtesa: hakumbuki alisema nini. Anahisi kwa ile hofu huenda alisema shuka, lile lile tulilokatazwa, na kwamba kama ningemtii angekufa kwa mdomo wake mwenyewe. Nilimjibu papo hapo. Nilimwambia alisema shika, nilimsikia vizuri sana, asijisumbue. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyetuliwa gunia.

Nilikuwa namdanganya, sikusikia kitu. Lakini nilimpa mtu niliyemfahamu kwa wiki tatu kile nilichokunyima wewe kwa miaka saba, na kilinitoka mdomoni kirahisi kama salamu.

Sasa nisikilize. Siku ile, ghorofa ya tisa, ulisema shika.

Nitasema yote, maana nimechoka na nusunusu. Ulikuwa unahama kutoka kwenye kiti chako cha ubao kwenda kwenye ukingo wa dirisha, ukaita neno, na sikulisikia vizuri, na nilijua kwamba sikulisikia vizuri. Ningeweza kuuliza. Lakini asubuhi ile ulikuwa umenitania mbele ya wenzetu kwamba masikio yangu ni ya mapambo, nikaona haya kukuomba urudie. Nikaachia kamba. Ilipokuwa inakimbia mikononi mwangu uliita mara ya pili, na mara hiyo nilisikia kila herufi. Nilikuwa nimeshachelewa; ulianguka mpaka kwenye kibaraza cha ghorofa ya saba.

Wewe ukiwa umeshapelekwa hospitali, msimamizi alikuja na daftari lake akaniuliza ulisema nini. Nilimwambia ulisema shuka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, si mtoto. Akaandika, nikatia sahihi. Kwa sahihi ile unga wako ulimwagika, na kwa sahihi ile ukaanza kuuogopa ulimi wako mwenyewe. Nilipokuja wodini uliniomba msamaha. Wewe, umefungwa plasta mpaka kiunoni, uliniomba mimi msamaha kwa kuniponza, nami nikakuambia yamekwisha. Tangu hapo kila jambo unalisema mara mbili. Njoo, njoo. Funga mlango, funga. Watoto wanakuiga, sote tunacheka, na mimi ndiye huwa nacheka kuliko wote.

Watu waliponiuliza kwa nini nakuja huku niliwaambia napenda milima. Uongo huo nao. Nilitaka kuijaribu mikono yangu mahali ambapo haitakuwa na pa kujificha. Nilidhani ikishika vizuri nitapata usingizi. Jumamosi ilishika vizuri, na sijalala tangu siku hiyo.

Jana kiongozi alinipanga katika kundi la kwanza la kwenda kileleni, keshokutwa hali ya hewa ikiruhusu, akasema anataka mimi ndiye nishike kamba yake. Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho huku anakuna barafu kwenye glavu, kisha akaniuliza kama wewe bado uko hai. Nikasema ndiyo. Akauliza, sasa kwa nini nampotezea wakati yeye. Aliingia hemani mwake, na nilipomfuata kumwambia nateremka alinipa mkono na kipande cha mkate cha njiani.

Kwa hiyo leo nateremka na wapagazi wawili. Ni siku nne za kutembea na moja ya basi, na mwezi utakuwa umebakiza siku tatu. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, ya kwenda kwa mkuu wa chuo. Nimeandika kilichotokea, nikataja nilichomwambia msimamizi na nilichosikia kweli, nikatia sahihi. Ipeleke au ichane, ni yako. Ila nakuomba ile kazi uikubali. Sikuombi kwa ajili yangu, na kuikubali kwako hakutakuwa na maana kwamba umenisamehe.

Utaona mimi si mwanamume wa kusifiwa katika barua hii, na ndivyo nilivyo. Nilikupenda nikiwa nakuumiza. Nilikuonea fahari nikiwa nakuchafua jina. Sijui mambo hayo yalikaaje pamoja ndani ya mtu mmoja, lakini yalikaa.

Shemeji na watoto nitakuwa nimewasalimia kwa mdomo, maana barua hii siitumi posta, naileta mwenyewe. Nitakuwa nimekupa mkononi, nikatoka kwenda kukaa kwenye benchi la nje, kwa sababu najijua: nikiiona furaha yako ya kunipokea nitayameza yote tena. Unaposoma mstari huu niko upande wa pili wa ukuta. Ukitaka niingie, niite. Ukitaka niondoke, sema niondoke, nami nitakwenda bila kinyongo.

Lolote utakaloamua, kaka, liseme mara moja tu. Nitasikia.

Ni mimi,
mdogo wako.