Kiazi Kikuu Kilichokataa Lodwar

Mama Mwenda wangu,

Nakusalimu ukiwa hapo Nkubu kwenye baridi yako, nami nikiwa huku Lodwar kwenye tanuri. Mwenda na Karimi wanaendeleaje? Na goti lako, bado linakusumbua ukipanda kwenda kanisani? Mimi ni mzima kuliko ngamia. Jana jua lilikunywa chai yangu kabla sijakoroga sukari, lakini si unanijua. Hapa shambani wananiita injinia wa maji, maana mfereji nikiutazama tu, unatiririka.

Ujumbe wako nimeupata. Ati viazi vikuu vyangu vimekomaa na ndugu yangu Mutwiri anataka kuvichimba, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mwanamume. Na kwetu anayechimba ndiye anayerudisha kichwa cha kiazi udongoni kiote tena, kwa hivyo mwishowe vitaitwa vyake. Hilo neno nimelala nalo, nikaamka nalo. Kabla sijakujibu, nikueleze habari ya kile kichwa cha kiazi nilichobeba kwenye begi nikija huku.

Nilikipanda kwa heshima zote, kamba yake nikaipandisha mtini kama nyumbani. Mti uliopo hapa ni mathenge, ule wa miiba unaojiotea jangwani. Nikawatangazia watu kwamba watakula chakula cha wanaume wa mlimani. Kikatoa majani mapana kama masikio ya ndovu, halafu yakalegea. Nikamwaga maji mpaka bosi akauliza kama nafuga samaki.

Afisa wa kilimo, msichana wa huku huku, akaja akacheka. "Mzee wa Meru, mgeni wako umemfunga kwa mwizi. Hiyo mathenge inakunywa yote unayomwaga."

Nikamwambia nimesoma sayansi mpaka darasa la saba, asinisumbue. Akatoa hadubini yake. "Basi chungulia, profesa."

Mama Mwenda, jani ni nyumba ya vyumba. Kila seli ina ukuta, na ndani kuna kama tangi la maji linalousukuma ukuta ukaze. Kwenye jani langu matangi yalikuwa yamenywea, ngozi ya ndani imebanduka ukutani. Kuta zenyewe bado zimesimama, kama nyumba ya mtu aliyehama. Nilichungulia mpaka akaniambia niache kupumulia kioo.

"Hili limezoea ukungu," akasema. "Lina milango mingi, maji yanatoka tu. Mathenge imejipunguza majani, ikapeleka mizizi chini kabisa."

Nikamuuliza, kiazi kikikaa huku miaka mingi, si kitajifunza?

"Hakijifunzi, mzee. Labda vizazi vyake vya mbele, na ni vichache vitakavyopona."

Usimwambie mtu, lakini siku hiyo sikujigamba mpaka jioni.

Sasa jibu langu. Mkataba hauniruhusu kuja kabla ya mvua. Chimba wewe mwenyewe. Mutwiri akitaja mila, mwambie mume wako amekutuma, na mwenye neno aje Lodwar, nitamtumia ngamia amchukue. Tumia mti uliochongwa, jembe litajeruhi kiazi. Kichwa ukirudishe palepale, kwenye ukungu wake.

Nisalimie mama mkwe wangu, mwambie sijakonda. Msalimie dada yangu wa sokoni, na huyo Mutwiri pia, ni damu yangu.

Kipande kimoja ukichome kwenye majivu siku ya Jumapili. Halafu nipigie simu, usiseme kitu. Wewe kula tu, nisikie.

Mume wako wa jua kali,
Baba Mwenda