Kipande cha Kumi na Tisa cha Bwana Mita

Mwaka umetimia leo, Bwana Mita, tangu ulipoinama mlangoni ukafunga kamba za viatu, ukaniambia, "Siku kumi na nne tu, bibie." Siku ya kumi na saba wakakurudisha umefunikwa turubai.

Kalamu wamenipa mimi mkeo, kwa kuwa wengine wakianza kuandika wanalia. Mimi pia nalia, ila mkono wangu umezoea kushona huku machozi yakitoka. Wenye gazeti walitupa nafasi ndogo, nikawaambia haitoshi. Na nina haraka. Utaona kwa nini.

Miaka ishirini na sita ulisoma mita za maji, mtaa kwa mtaa, na mbwa wote wa mji huu walikujua. Ulikuwa unafuta kioo cha mita kwa kidole gumba, unasoma namba, unaandika, kisha unainama tena. Wenye nyumba walikereka. "Mzee, si umeshasoma?" Nawe huwajibu bila kuinua kichwa, "Nimesoma mara moja. Bado ya pili." Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuja ofisini kwenu kulalamika kuwa Bwana Mita kamwandikia maji asiyotumia.

Mtu angedhani anayetembea kwa mshahara, likizo yake ataimaliza kitandani. Wewe wapi! Siku ya kwanza ya likizo ulikuwa umeshabeba mkoba. Nilikuwa nikiwaambia wateja wangu kuwa nimeolewa na jozi ya viatu, na mwenye viatu huja kunitembelea mara mojamoja. Ulicheka ulipolisikia hilo, ukaenda kuliandika kwenye ukurasa wako mtandaoni. Watu mia tatu wakacheka na wewe. Mimi nilinuna siku mbili.

Lakini ukurasa ule ulikuwa moyo wako wote. Safari ile ndefu ya kuvuka milima, siku kumi na tisa kwa miguu, uliikata vipande kumi na tisa, kila siku kipande chake, na ukaandika kila kitu ambacho msafiri angetamani aambiwe. Wapi maji ni matamu na wapi yana chumvi. Nyumba gani ina mbwa mkali na jina la kumwita ili atulie. Duka gani lina betri. Namna ya kupitisha uzi kwenye lengelenge la kisigino ili maji yatoke na ngozi ibaki. Kwamba mtu abebe soksi mbili, si tano, na chumvi, hata kama haoni sababu.

Na kila aliyeuliza ulimjibu, hata yule aliyeuliza kama nyoka hulala mchana. Waoga ndio uliowapenda zaidi. Muuguzi mmoja mstaafu alikuandikia kuwa ana miaka sitini na moja na hajawahi kutembea kupita kituo cha basi. Ukamwambia, "Dada, kesho nenda dukani kwa miguu. Keshokutwa chagua duka la mbali." Baada ya miezi minane akakutumia picha yake akiwa juu kileleni, kofia imekaa upande. Aliandika kuwa kama si wewe angeishia kuitazama milima kwenye kalenda. Picha ile iko sebuleni mpaka leo. Nilikuonea wivu, sasa nakiri.

Ulikuwa na sheria moja, na nyumba nzima tuliijua. Kipande ulichokitembea mara moja ulikiwekea alama moja ya kalamu nyekundu kwenye daftari. Ukikirudia kwa msimu mwingine, unaweka ya pili. Chenye alama moja hakitoki daftarini. Vipande kumi na nane vilikuwa na alama mbili. Cha mwisho, kile cha kwenye korongo, kilikuwa na moja.

Wasafiri walikusumbua. "Mzee, tulifika duka la mwisho, pale kipande cha kumi na nane kinapoishia, tukakwama! Tupe kipande cha kumi na tisa!" Nawe ukawa unawajibu vilevile, "Bado sijakirudia." Ndipo ukaenda kukirudia.

Waokoaji walikukuta mbali sana, mtoni chini, siku tatu baada ya siku uliyopaswa kutoka korongoni. Wakatuambia uliteleza kwenye njia ya juu ya mwamba. Tukaamini. Nani angekuwa na akili ya kuuliza maswali siku ile? Saa yako ya mkono walitupatia ndani ya bahasha, imesimama saa nane na dakika arobaini. Ndugu yako, shemeji yangu fundi saa, akaitia mfukoni akasema ataitengeneza.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niombe ukurasa mzima.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, rambirambi bado zilikuwa zinaingia kwenye ukurasa wako, mamia, na nyingi zilimalizia kwa ombi moja: kama Mzee aliacha kipande cha mwisho, tupeni, tukitembee kwa heshima yake. Tulikuwa mezani, mimi na watoto wako wote wawili. Kitinda mimba wako, aliyekuwa akikuchapia kazi zako, alilifungua daftari.

"Mama, hiki kina alama moja," akasema.

"Naona."

"Baba asingekiweka."

"Baba yako amekufa akikirudia. Unataka alama gani tena? Weka."

Akanitazama. Kaka yake naye akanitazama. Nikarudia, "Weka."

Akaweka. Basi hivyo ndivyo kifo chako nilivyokihesabu kuwa mara ya pili. Kosa ni langu, si la binti aliyebonyeza. Nililifanya kwa mapenzi na kwa kichwa kigumu, na nilipolala siku ile nilijiona nimekutendea wema.

Shukrani zilikuja. Kumi, kumi na mbili, wote walivuka wakafika. Nikawa natembea kichwa juu sokoni, mjane wa Bwana Mita.

Jumamosi iliyopita ukaja ujumbe wa sauti wa mwanamke mmoja, dereva wa lori, kwenye simu ya binti yako. Tuliisikiliza jikoni, sufuria ikaungua.

"Mama, samahani, mimi si mtu wa kulalamika," alisema. "Nilifuata kama Mzee alivyoandika. Pale mtoni anasema vuka kwa mawe tisa, maji hayafiki goti. Anasema pumzika kwanza kivulini, kula, miguu ipoe, ndipo uvuke. Nikapumzika. Saa nane hivi nikaingia. Jiwe la tano, maji yakanifika kifuani. Hakuna mvua, mama. Jua kali. Hayakupiga hata kelele. Mkoba umekwenda, mimi nilishika mzizi. Watu wa ng'ambo walionitoa wanasema huko juu kuna bwawa, siku nyingine hufungua milango mchana. Mzee alivuka saa ngapi?"

Ulivuka asubuhi, mume wangu. Imo daftarini: ulilala karibu na mto, ukavuka jua likichomoza, hayakufika goti. Kisha ukawafikiria wengine, wanaotoka duka la mwisho alfajiri na kufika pale adhuhuri wamechoka, ukawaonea huruma, ukawaandikia wapumzike kwanza. Huruma yako hiyo ndiyo inayowaingiza majini saa mbaya.

Shemeji yangu alikuwa amekaa pale pale jikoni. Alitoa saa yako mfukoni, kwa kuwa hajawahi kuwa na moyo wa kuitengeneza, akaiweka mezani. Saa nane na dakika arobaini. Ni wakati uleule wa maji ya bwawa. Hukuteleza mwambani. Uliketi kivulini, ukala, ukapoza miguu kama ulivyowaandikia wengine, ili uone kama ulichoandika ni kweli.

Kipande kile kilifutwa kabla sufuria haijapoa. Lakini karatasi haifutiki ikiwa mkobani mwa mtu.

Kuna mwalimu mmoja wa hesabu. Ulimjua kwa maandishi, yule wa maswali mengi, uliyekuwa ukisema ana akili za msoma mita. Siku kumi na mbili kabla ya Jumamosi ya dereva, siku ya Jumatatu, alituandikia kuwa anaanza kutembea siku ile: "Mama, nimechapisha vipande vyote kumi na tisa, nimevitia kwenye mfuko wa plastiki visilowe. Nafuata neno kwa neno." Tumempigia tangu Jumamosi. Simu imezimwa. Ni wewe uliyeandika kwenye kipande cha tano, kwa herufi kubwa: kuanzia hapa hakuna mtandao, zima simu, tunza chaji. Anakutii. Nyumba hii haijapata kuona mtu anayekutii namna hiyo.

Nimehesabu siku zake kwa vidole, kwa kalenda, na kwa chaki kwenye meza ya kukatia nguo. Leo Alhamisi anamaliza kipande cha kumi na nane. Kesho adhuhuri atakuwa mtoni, anakula kivulini.

Mwanao wa kwanza, fundi umeme, hakungoja tuhesabu. Jumapili alipanda basi la kuzunguka milima, ili aingie korongoni kwa upande wa pili, kwa kuwa kwa nyuma asingemfikia, siku mbili basi na siku tatu kwa miguu. Huwezi kumzuia, unajua alikotoa miguu hiyo. Jumanne asubuhi alipiga simu akiwa kituo cha mwisho cha basi.

"Mama, nitakaa ng'ambo pale kwenye mawe. Nikimwona tu, nampungia shati arudi."

"Usiingie majini."

"Siingii, mama."

"Hata akiingia yeye?"

Nikasikia watu wanashusha mizigo. Kisha akasema, "Mama, chaji inaisha," na simu ikakatika. Swali langu liko palepale nilipoliacha.

Na baada ya hapo, nikiwa natia uzi kwenye sindano, ndipo nilipowaza jambo lililonitoa jasho. Mto ule una kelele za mawe, ng'ambo haisikiki. Mtu aliyechoka, amefika kipande cha mwisho, akiona mwenzake kasimama upande wa pili anampungia shati, atafikiri nini? Atafikiri anaitwa.

Ndiyo sababu tumekuja kwenye gazeti, na gazeti hili hasa. Wewe uliandika kuhusu duka la mwisho: lori la soda, lisilobeba abiria wala kupita mjini kwetu, hufika saa tisa alasiri, huleta gazeti hili la siku hiyo nakala moja, na mwenye duka huanza na kurasa za marehemu, anazisoma kwa sauti hata kama dukani yuko peke yake. Ulimcheka kidogo. Mimi leo namtegemea kuliko ninavyomtegemea mtu yeyote duniani.

Mwenye duka, kama umefika hapa, usiache kusoma. Tazama kama kuna mgeni mbele yako, mrefu, ana miwani, ana karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Mwalimu, mimi ndiye Mama uliyemwandikia. Mume wangu alikuwa mkweli na alikosea, na mimi nilijua hajakirudia nikakupa. Usivuke kwenye mawe tisa. Si asubuhi, si mchana. Chana karatasi ya mwisho. Ukiona mtu ng'ambo anapunga shati, hakuiti, anakukataza; geuka urudi, ili naye apate kugeuka. Usimfanye achague.

Bwana Mita, katika ndoa ya miaka thelathini na mbili sikuwahi kukusahihisha mbele za watu. Nisamehe. Najua wewe ungekuwa wa kwanza kuinama na kusoma tena.

Nimekukasirikia mwaka mzima kwa kwenda. Sikujua ulikwenda ili mtu mwingine asiende kabla hujahakikisha. Ulikuwa na roho safi, mtu wangu, na nyumba imekuwa kubwa mno bila matope yako mlangoni. Binti yako bado anajibu waoga kwa niaba yako. Anawaambia waanze na duka la jirani.

Unakumbukwa na mimi mkeo, mshonaji. Na kitinda mimba wako. Na nduguyo fundi saa. Na wasomaji mita wenzako. Na wote uliowatoa kitandani ukawapandisha mlima. Jina la mwanao wa kwanza nalo lingekaa hapa. Kijana wa gazetini aliniuliza mara mbili kama nimesahau kuliweka. Sikusahau. Wewe tutakukumbuka siku zote za maisha yetu. Yeye hatutaki kumkumbuka. Tunataka arudi.