Hakuhudhuria, Bila Udhuru

Mtani wangu Sefu,

Arobaini yako imesomwa juzi. Pilau ilikuwa nzuri kupita ulivyostahili. Wako waliorudia sahani mara tatu, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwa heshima yako.

Najua unasema: Mnyamwezi huyu siku ya mazishi alifunga mdomo, leo ndiyo anakumbuka utani? Kweli. Siku ile watu wote walinitazama mimi. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumtukana maiti, wenye msiba wapate kucheka kidogo. Nilitakiwa nilale mbele ya jeneza, nipige kelele kwamba Mzaramo huyu hajafa, amejilaza tu kwa uvivu wake wa siku zote. Nilifungua mdomo, neno halikutoka. Mke wako, shemeji Zena, alikuwa mlangoni akingoja nimchekeshe. Nikaangalia viatu vyangu.

Sababu nakuambia leo, maana huwezi tena kunikatiza.

Unakumbuka baraza la Mshamu lilivyokuwa zamani. Baada ya alasiri Mshamu anaweka mdila wa kahawa juu ya makaa, wewe unafika na kofia unayoshona, sindano umeishika mdomoni, Mzee Kondo anafika na mguu wake mbovu, nami natoka bohari kule bandarini na vumbi la magunia kichwani. Hakuna aliyemwita mwenzake. Siku moja tulibishana tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi kama paka anajua nyumba yake au anajua watu wake. Jibu hatujapata hata leo.

Sheria ilikuwako moja tu, wala hakuna aliyeitunga. Mtu asipoonekana, kabla jua halijatua mmoja wetu anakwenda kugonga mlango wake. Mwaka ule niliposhikwa na homa ulikuja wewe. "Hodi! Mnyamwezi, umekufa au umelala? Sema mapema, nijue kama nianze kulia au nianze kula!" Meno yalikuwa yanagongana, nikacheka hivyo hivyo. Ukakaa chini karibu na kitanda, ukashona mpaka jasho likanitoka. Hukuniuliza naumwa wapi. Hukunipa shauri hata moja.

Sasa, mtani, mtu aliyepewa kitu kama hicho bure, kwa nini alitaka kukitengeneza?

Nimejiuliza sana. Nadhani ni bohari. Kule kengele inakuingiza na kengele inakutoa, na katikati yake kila jambo lina mstari wake katika daftari. Jumamosi mchana wananifungua kama mbuzi, nami badala ya kula majani natafuta kigingi kingine nijifunge. Si mimi peke yangu. Watazame makarani wenzangu siku ya Jumapili. Wanavaa viatu vinavyowabana, wanakwenda kutembea pwani mbiombio ili wamalize kutembea. Ukimwuliza mmoja, "Umepumzika?" anatazama saa kwanza ndipo akujibu. Tunapumzika kama watu wenye mnyapara nyuma yao.

Mimi nilikwenda mbali kuliko wao. Nilinunua saa, halafu nikawaundia Chama cha Mapumziko.

Nakumbuka ulivyonitazama nilipofika barazani na daftari jipya chini ya kwapa. Nikasema mapumziko yetu hayana mpango, ndiyo maana tunakaa sana na hatupumziki sawasawa. Mzee Kondo akawa Rais. Mshamu akapewa kazi ya kugonga kijiko kwenye mdila saa kumi na nusu kamili. Mimi, bila shaka, Katibu. Wewe tukakuchagua Makamu wa Rais, ukauliza, "Makamu wa kukaa? Rais akichoka kukaa, ndiyo nakaa mimi?" Kila mtu alicheka isipokuwa Katibu.

Tukatunga sheria saba, na ya nne ndiyo ilikuwa yako: wakati wa mapumziko mwanachama asije na kazi. Nilijiona nimekufanyia hisani. Ukaniambia taratibu, "Mtani, mimi nikishona ndiyo nimepumzika." Nikakujibu kwamba hilo ni kosa la watu wasioelimika. Mimi, niliyejifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, ndiye niliyekuambia hivyo.

Ukaitii. Ukaja mikono mitupu, vidole vikawa vinachomoa nyuzi za kanzu yako mwenyewe. Hadithi zako zikafupika, kisha zikakoma. Sikuelewa wakati ule kwamba zilikuwa zikitoka pamoja na uzi.

Kisha siku moja hukuja. Zamani Mshamu angeacha makaa yake akaenda kugonga. Lakini sasa tulikuwa na daftari. Niliandika: Sefu, hakuhudhuria, bila udhuru. Wote wakaona limekwisha shughulikiwa. Siku ya pili nikaandika tena. Mzee Kondo akauliza, "Makamu yuko wapi?" Nikamwonyesha mstari, akaridhika. Siku ya tatu nikaandika kwa wino mzito zaidi, nikidhani umenuna kwa ajili ya sindano yako.

Sheria ya sita ilisema mwanachama akikosa siku tatu aandikiwe barua. Hii unayoisoma leo ni barua yangu ya pili kwako, mtani. Ile ya kwanza ilikutaka ueleze sababu.

Niliileta mwenyewe. Nilisimama mlangoni kwako, nikatazama saa: zilibaki dakika chache Mshamu agonge kijiko, na Katibu hachelewi. Nikasikia mtu anakohoa ndani. Nikasema moyoni, kumbe yupo, anajificha. Sikupiga hodi. Niliinama, nikaisukuma karatasi chini ya mlango, nikaondoka.

Kesho yake asubuhi ukafa.

Ndiyo hiyo iliyonifunga mdomo mbele ya jeneza. Mtani gani huyu aliyefika mlangoni asipige hodi?

Juzi, wageni walipokwisha ondoka, shemeji Zena aliniita. Alikuwa na ile barua, na kofia. Akasema uliisoma ukiwa umelala, ukacheka mpaka kifua kikakubana, ukamwambia, "Mwambie Katibu, safari hii nina udhuru." Alikuwa hajapata nafasi ya kunieleza. Halafu akanipa kofia. "Ni yako," akasema. "Alikuwa akiishona ndani tangu mlipomkataza barazani. Alisema kichwa chako kikubwa, kofia yake itamchosha macho."

Imeshonwa nusu. Sindano bado imo palepale ulipoiacha.

Daftari nimempa Mshamu. Anachana kurasa zake kufungia kashata, na jana Mzee Kondo amekula kashata yake juu ya mahudhurio ya mwezi mzima. Saa ipo, lakini nikitoka bohari naiacha sandukuni. Usidhani nimepona. Nikikaa barazani, mkono unaigusa mifuko mara kwa mara, kama ulimi unaotafuta jino lililong'oka. Natamani uwepo unicheke.

Kofia naishona mimi. Usitukane; najua inavyokwenda. Vishimo vyako vya sindano vimepangika kama mahindi gunzini, vyangu vinakimbiana kama kuku. Lakini nikishona naona maneno yanakuja. Jana nilisimulia habari nzima ya punda mmoja wa kule bandarini, na Mshamu akasahau kahawa ikafurika.

Lala, mtani. Leo nakuruhusu uvivu wako wote. Nitaivaa kofia hii, nusu yako na nusu yangu, wanaotaka kucheka na wacheke. Na mtu wa baraza letu asipoonekana, nitakwenda mimi. Nitagonga, nitapiga hodi, na sitaondoka mlangoni mpaka nisikie sauti ya mtu ikiniambia karibu.

Mtani wako,
aliyekuwa Katibu