Tulivyoposa Msamaha wa Kodi

Masaka, Kigali

Mpendwa Dada Gahongayire,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya ukoo wote wa hapa na wa huko Bukoba, natangaza rasmi kwamba mdogo wako sasa ana suti. Ni ya kijivu. Fundi Ilyasi aliikata suruali fupi kidogo, akasema ndiyo mtindo. Niliamua kumwamini, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimeisha.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Shemeji bado anabishana na redio? Huku sisi wazima. Mdogo wetu Manzi bado hawezi kuishi bila mtu wa kumwangalia, bado ndiye anayewaamsha kuku badala ya kuku kumwamsha yeye, na kila Jumapili huniuliza kama nyumba ya baba ni yake. Sasa nina jibu.

Unakumbuka tulipokwama. Tulitaka kiwanja cha baba kiwe amana, wewe na mimi tukiwa wadhamini, ili Manzi akae pale hata sisi tukishazikwa. Sheria ikasema kukitia kwenye amana ni sawa na kukiuza, kwa hiyo tulipe kodi. Ili tulipe ilibidi tuuze nusu, na kila mnunuzi aliitaka nusu yenye nyumba.

Basi familia kadhaa zenye shida hiyo tukaungana, na wakili wetu akawa Gaju, mwenye ofisi pale Sonatubes. Vifungu anavijua, lakini alikiri mwenyewe kwamba akianza kusema, wakubwa hutazama simu. Akataka mtu mwenye ulimi. Nani tena, Dada, kama si mimi niliyesema kwenye gusaba, zile sherehe za kuposa, za nusu ya Kanombe, na sijawahi kurudi bila bibi harusi?

Ofisa wa wizara aliyekuwa akiandika rasimu ya sheria mpya ya kodi, mzee Kagabo, alitupokea kwa chai. Gaju akafungua takwimu; nikamkanyaga mguu. Nikasimama na suti yangu, nikamwambia mzee kwamba tunapita tu, ila tumesikia humu ndani kuna binti aitwaye Msamaha wa Kodi, na kijana wetu Amana tangu amwone hapati usingizi. Gaju akafumba macho. Nikaongeza kwamba safari hii tumekuja bila ng'ombe, maana ng'ombe akiingia wizarani hupewa jina lingine. Kagabo akaweka kikombe chini, akajibu kwa uso mkavu kwamba kwao hakuna binti wa jina hilo, na kama yupo, ameshachumbiwa na watu wa benki.

Nilijua nimemvuta uwanjani kwangu!

Mara ya pili alikuwa mkali. Akauliza tabia za kijana wetu: si ndiye anayewafichia matajiri maghorofa yao? Nikakubali kwamba kijana ana binamu wahuni, ila huyu wetu hulala nyumbani. Nikaweka mezani picha ya Manzi na kuku wake. Tukapokea masharti: msamaha uwe kwa wasioweza kujitunza tu, na kwa nyumba wanayoishi tu. Mzee akanipa mkono, akasema nimemshinda.

Wiki iliyopita sheria ilitoka, na kifungu kimo! Vigelegele vilivyopigwa ofisini kwa Gaju viliwafanya vijana wa pikipiki wachungulie wakidhani kuna harusi. Mama mmoja, Uwase, ambaye bintiye haoni, alinikumbatia akalia mpaka bega la suti likalowa. Siku hizi wananiita Mheshimiwa, na sijamkataza mtu. Manzi nilipomwambia nyumba ni yake, aliuliza kama kuku nao wanabaki. Wanabaki.

Sasa hili ni lako peke yako, usimsomee shemeji. Jana nilikwenda kumshukuru Kagabo, nikamwuliza ni neno langu lipi hasa lililomlainisha. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza, mimi mtu wa kazi hiyo, siku ya gusaba wazee wanapobishana, binti huwa amekubaliwa lini. Nikajibu kama mtoto wa shule kwamba huwa ameshakubaliwa zamani, na ubishi ni wa kuwafurahisha wageni. Akanimiminia chai.

Msalimie shemeji na wanao wote. Njoo tutie saini za udhamini, na utuletee senene, Manzi anawaulizia. Mgongo usiubebeshe mizigo.

Ni mimi mdogo wako,
Bayingana

Kifungu kilikuwa ndani ya rasimu, na masharti yake yote, kabla Ilyasi hajanipima suruali.