Nilijua Maji Hayajamwagwa

Jumapili, mwezi wa saba, mchana

Jua linawaka hapa Malvern, Johannesburg, lakini halina joto hata kidogo. Nimetoka kanisani, nimejifunga blanketi, na vidole vyangu bado vinanuka maganda ya machungwa. Kwaya imeimba vizuri leo. Mimi sikuimba. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Alhamisi, na sina mtu wa kumwambia.

Nina wivu. Basi, nimeshaandika.

Ninayemwonea wivu anaitwa Sofia, binti wa Bibi Katina.

Bibi Katina ni yule mama Mgiriki ninayemfanyia kazi Bedfordview, huu mwaka wa tisa. Kila msimu wa baridi, mti wa machungwa machungu nyuma ya nyumba yake unapozaa, tunapika kitu anachokiita gliko. Ni maganda yanayopikwa kwenye shira ya sukari mpaka yanang'aa. Mgeni anawekewa moja tu kwenye kisahani, na kijiko kidogo, na glasi ya maji baridi pembeni. Miaka miwili ya kwanza kazi yangu ilikuwa kumenya. Mwaka wa tatu akanipa sindano: unalikunja ganda kama mkeka, unalitunga kwenye uzi, unaongeza lingine, mpaka unapata mkufu mzima. Baadaye sana ndipo akaniachia shira. Hakuwahi kuandika chochote. Alinishika mikono tu, akaniongoza.

Siku hizi anasahau. Juzijuzi aliniuliza mara tatu asubuhi moja kama mumewe ameshakunywa chai, na mumewe tulimzika kabla ya corona.

Ndiyo maana Sofia amekuja kutoka Australia. Alhamisi aliweka simu yake dirishani ili imrekodi mama yake akipika.

"Aline, leo tuachie jiko," akaniambia, kwa upole kabisa. "Nataka Mama anifundishe mwenyewe. Hivi ni vitu vya familia."

Vitu vya familia. Eish.

Nikachukua kitambaa, nikaenda kufuta vioo vya sebuleni. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Niliwasikia wakicheka. Nikamwona Bibi akimshika Sofia mikono vilevile alivyokuwa akinishika mimi. Nilisugua kioo kimoja mpaka mkono ukaniuma.

Halafu nikaona. Maganda yalichemka mara moja tu, na Bibi akamimina sukari palepale. Maji ya kwanza hayakumwagwa. Maganda yale yanachemshwa, maji yanamwagwa, yanachemshwa tena, mara tatu, kisha yanalala kwenye maji baridi mpaka kesho yake. Bila hivyo uchungu hautoki. Nilihitaji kusema sentensi moja tu.

Nikanyamaza.

Na haikuwa adabu. Nilitaka waharibu.

Ijumaa asubuhi Sofia akaonja, akatema kwenye sinki. Bibi naye akachukua kijiko. Alipoonja akakaa kitini taratibu, akaitazama mikono yake, upande huu na upande ule.

"Mama yangu angenichapa," akasema. Kisha akaanza kulia, kama mtoto aliyepotea sokoni. "Nilikuwa nakijua hiki, Sofia. Nilikuwa nakijua."

Nilikuwa nimetaka Sofia aaibike. Bibi sikumfikiria hata mara moja.

"Ni maji," nikasema kutoka mlangoni. "Maji ya kwanza hayakumwagwa."

Sofia akanigeukia. "Uliona?"

Nikachukua kikapu, nikatoka kuchuma machungwa mengine. Siku ile tukamenya upya, tukachemsha mara tatu, tukayalaza kwenye maji.

Jumamosi si siku yangu ya kazi, lakini nilipanda teksi, hizi basi ndogo za huku, nikaenda. Safari hii Sofia hakutoa simu. Maganda yake yalikuwa yanafunguka kila akikunja, ikabidi nimshike vidole. Kusema kweli nilitamani awe mzito wa kuelewa. Hakuwa. Mkufu wake wa pili ulikaa sawa kuliko wangu wa mwaka ule nilipopewa sindano. Nikamwonyesha tone la shira linavyosimama kwenye sahani bila kutiririka, nikamwambia sasa tia limau.

Bibi akaonja, akafumba macho.

"Safi," akasema. "Safi sana, mwanangu." Alikuwa anamtazama Sofia.

Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya moto kwa vitambaa viwili. Nikaiweka chini, nikafungua bomba, nikaanza kuosha vyombo ili nisionekane uso.

Sofia alinisindikiza mpaka barabarani.

"Alhamisi ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ulisema ni vitu vya familia."

Nilidhani atanifukuza.

"Siku niliyofika, Mama aliniuliza mimi ni nesi wa nani," akasema. "Nikamwambia mimi ni Sofia. Akasema Sofia yuko shule. Akaniambia nimuulize Aline, Aline ndiye anayejua kila kitu."

Teksi ikapiga honi, nikaiacha ipite. Tulisimama pale wawili, yeye akifuta macho kwa mkono wa sweta, mimi nikitazama lami.

Wivu haujaisha, nisijidanganye. Lile "mwanangu" linanichoma hata sasa hivi ninapoandika. Lakini nikikumbuka Bibi alivyoitazama mikono yake, natamani kujificha. Ni mimi niliyemwacha afike pale.

Kesho nikifika kazini nitamwambia Bibi, mbele ya Sofia, kwamba niliona na nikanyamaza. Huenda atakuwa ameshasahau kabla ya chakula cha mchana.

Mimi sitasahau.