Kwa Wilf Pask wa Kiti cha Nyuma

Umetimia mwaka, Wilf, tangu Jumanne ile ya Juni 1936 ulipotoka hapa Wragfen na kipande cha mkate mdomoni, ukatuambia utarudi kabla ya chai. Mhariri wa gazeti hili ametuomba tuandike mistari minane ya kumbukumbu ya mwaka kama wanavyoandika wengine. Tumemjibu kwamba wengine hawakusemwa kama tulivyosemwa sisi, naye ametuachia nafasi. Mimi dada yako Hetty ndiye niliyeshika kalamu, ila maneno ni ya nyumba nzima.

Ulikuwa mtu wa kufunga vitu. Lango ulilifunga kwa komeo, kisha kwa kamba. Miwani ya Mama uliitia uzi isije ikatumbukia kwenye sufuria. Baiskeli yako uliifunga kwenye nguzo hata ndani ya uwanja wetu, mahali ambapo mwizi angelazimika kumpita Baba na jembe lake. Dada yetu Olive alikuwa akikutania kwamba siku ya harusi utamfunga bibi harusi kwenye benchi asitoroke, nawe ulisema utalifikiria. Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyeambiwa kwamba alisahau kujifunga angani.

Kule uwanja wa ndege za kivita ulikuwa fundi wa injini, na ndege zikipaa ukageuka mpiga bunduki. Ulifanya kazi mbili, ukapewa heshima nusu. Ndege yenyewe ni ile Hind, mabawa mawili moja juu ya jingine, mabomu chini yake na viti viwili vilivyo wazi kwa upepo. Cha mbele ni cha ofisa. Cha nyuma kilikuwa chako, na wala hukukikalia sana, maana bunduki hupigwa mtu akiwa amesimama. Kilichokushikilia ni mnyororo mmoja kutoka sakafuni hadi kiunoni mwako. Mama alikuwa akiisugua kwa majivu ile beji yako ya shaba, risasi yenye bawa, uliyopewa kuvaa kwenye mkono wa koti, akisema nani atajua wewe ni nani kama haing'ai.

Wanaotusema hawajui kazi yako ilivyokuwa, basi na wajue. Wakati wa kuangusha mabomu ulilazimika kulala kifudifudi chini ya kiti cha rubani, uchungulie shabaha kupitia tundu la sakafu. Mnyororo haufiki huko. Kila mpiga bunduki huufungua, hutambaa, hulenga, hurudi kinyumenyume, husimama, hujifunga tena. Halafu husema "tayari" kwenye mpira wa kusemea, bomba la kupitisha sauti linaloishia sikioni mwa rubani. Kabla ya neno hilo rubani haruhusiwi hata kuilaza ndege upande. Ndiyo amri, na inajulikana na kila mtu pale uwanjani.

Siku ile rubani wako aliipindua ndege miguu juu, kwa mchezo, kuwapungia marubani wenzake waliokuwa wakipita. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unainuka. Ulianguka kwenye tope la ufukweni pamoja na mabomu yako ya mazoezi.

Mbele ya baraza la uchunguzi rubani wako, Luteni Aubrey Thirlby wa lile jumba la Thirlby, aliapa kwamba alisikia "tayari". Baraza likaandika kwamba marehemu alipuuza kujifunga. Neno hilo lilifika kanisani kabla ya jeneza lako. Kuna watu wa kijiji hiki, nao wanajijua, waliokula keki yetu siku ya mazishi huku wakinong'onezana kwamba vijana wa Pask siku zote wamekuwa wazembe. Tangu siku hiyo Baba hajakanyaga kanisani. Huchimba mitaro Jumapili nzima, na mchungaji akipita hamwamkii.

Na uliimba, Wilf. Hilo nalo tuliseme, kwa sababu tumelikasirikia tangu Machi na hatuna wa kumgombeza ila wewe. Uliimba ukinyoa ndevu, uliimba ukimenya viazi, nyimbo za kanisani kwa sauti nzito isiyofika pale ilipotakiwa. Kaka yetu Reuben aliwahi kukuahidi siagi yake ya wiki nzima ukinyamaza hadi kiamsha kinywa kiishe. Ukashindwa. Hatukujua kwamba ulikuwa ukiimba hata kule juu, kwenye mpira wa kusemea.

Aliyetuambia ni Bert Leggett, fundi wa mabawa, alipotuletea sanduku lako la kunyolea mwezi wa Machi. Alikunywa chai vikombe vitatu kabla ya kufungua kinywa. Alisema asubuhi ile yeye mwenyewe ndiye aliyemchomekea Thirlby mpira kwenye kofia yake ya ngozi, na ndege iliporudi mpira ulikuwa umechomolewa, unaning'inia. Tulimuuliza kwa nini hakuliambia baraza. Akasema fundi haulizwi. Mama alimwambia achukue kofia yake aende, na atakapoulizwa na Mungu asijifanye kiziwi.

Baada ya hapo Mama alivaa kofia yake ya kanisani kila Jumamosi, akaendesha baiskeli yako maili sita, akasimama kwenye lango la uwanja wa ndege. Walinzi walimwambia Luteni hayupo. Akasimama vilevile, mbele ya kila gari la ofisa lililotoka na kuingia. Jumamosi tisa, Wilf, mbili kati yake za mvua. Alhamisi iliyopita Thirlby alikuja mwenyewe.

Alikaa kwenye kiti chako kwa sababu hakuna aliyemwambia asikikalie. Akasema anasikitika sana kwa yaliyotokea.

"Yaliyotokea yana mtu aliyeyafanya," Mama akasema. "Mtaje."

Thirlby alimtazama Baba apate msaada wa mwanamume mwenzake. Baba aliendelea kukwangua tope kwenye viatu vyake.

"Niliuchomoa mpira," akasema mwishowe. "Alikuwa anaimba, Mama Pask. Kila siku anaimba. Siku ile nilikuwa nimechoka kumsikia."

"Kwa hiyo hukusikia 'tayari'."

"Sikusikia kitu. Nilidhani ameshajifunga."

"Na mbele ya baraza ukaapa."

Mama akaweka karatasi na wino mezani, akamwambia aandike hayohayo aliyoyasema, asipambe. Thirlby akasema akiandika atanyang'anywa mabawa yake ya urubani, hatarusha tena maisha yake yote.

"Wangu alishuka bila mabawa," Mama akamwambia. "Andika."

Aliandika. Nakala imeshapelekwa kwa wakubwa wake, na hapa tunaichapa neno kwa neno, ili waliokula keki yetu waisome wakiwa wameketi: "Nilichomoa mpira wa kusemea. Sikumsikia Pask akisema 'tayari', na hata kama alisema 'bado', nisingeweza kumsikia. Niliipindua ndege bila kumwonya. Baraza nililidanganya. A. Thirlby."

Sasa jina lako ni safi, na limesafishwa na aliyelichafua. Hatumshukuru. Baba alisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akatoka nje, na tulimsikia akilia kule bandani.

Jana niliandika majina ya wanaokukumbuka, nikafunga bahasha. Mama akaifungua.

"Mwandike na yule," akaniambia.

Nilimwambia yule si ndugu yetu, na kwamba nitakata kidole kabla ya kumweka chini ya jina la Baba.

"Sijasema ni ndugu. Sisi hatuhitaji gazeti ili tumkumbuke Wilf. Yeye ndiye wa kuandikwa. Mwaka huu, mwakani, na kila Juni nikiwa hai. Nikifa utamwandika wewe."

Nimemwandika, Wilf, kwa ajili ya Mama. Usinilaumu.

Wanaokukumbuka ni baba yako Amos, mama yako Keziah, kaka yako Reuben, na dada zako Hetty na Olive.

Na Aubrey Thirlby, aliyekuwa akirusha.

Sisi hatutakusahau hata siku moja. Yeye hatutamruhusu.