Upana wa Gogo

Uyole, Mbeya
11 Juni 2024

Kaka yangu Saulo,

Shikamoo kaka. Nakusalimu wewe, shemeji Anjela na watoto, nikitumaini mkono wa barua hii utagonga mlango wenu mkiwa wazima. Huku nyumbani tupo. Mguu wa Mama unamsumbua kila baridi ikizidi, lakini bado anagombana na mtu yeyote anayetaka kumpokea ndoo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi sana. Baridi ya mwaka huu imekuja mapema na imekuja na ukungu wake, rangi haikauki. Kibao cha duka la mbolea nilikipaka Alhamisi, Jumamosi nikakigusa kikanibakia kwenye vidole. Mwenye duka ananiona mvivu.

Kifurushi chako nilikipokea wiki iliyopita, kondakta alikileta bila kukikunja. Nimeiona milango ya kichwa cha lori letu la makopo. Kaka, mikono hiyo wewe uliipata wapi? Kopo la mafuta ya kupikia mtu anaona takataka, wewe umetoa humo bawaba zinazofunguka na kufungika. Tairi za ndala, nimeziona kwenye picha uliyotia, umezichonga mpaka kashata zake za kushika barabara, na ile ya nyuma kulia umeipangusa kwa msasa iwe kipara, kama ilivyokuwa kwenye lori la Baba. Mimi nimeshachora maandishi ya nyuma, NDAGA FIJO, ile asante sana ya kwetu, kwa brashi ya nywele tatu, na ile F iliyoinama nimeiacha iiname, maana Baba aliichora mwenyewe na hakukubali mtu airekebishe.

Ulitia pia karatasi ya vipimo, na chini yake umeuliza swali moja. Umesema lori limekamilika, limebaki gogo tu, lile la kukingia gurudumu mlimani, lililokuwa linaning'inia kwa mnyororo chini ya bodi upande wa kushoto. Umetaka nikuandikie urefu wake, upana wake, na lilikuwa mti gani, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa tingo wa Baba, msaidizi wake wa safarini, na ndiye niliyelibeba.

Najua ungeweza kunipigia simu. Tulikubaliana vipimo viandikwe, tangu siku ile nilipopima basi letu la makopo kwa tepu ya fundi cherehani, nikasoma upande wa inchi na kukutajia kwenye simu kana kwamba ni sentimita. Ulitengeneza chasisi kwa namba zangu. Bodi yangu ilipofika kwako Iringa ikakaa juu yake kama mtu mzima aliyepanda baiskeli ya mtoto. Ulicheka mpaka ukakaa chini, shemeji akaja mbio kutoka jikoni. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa amekusikia ukicheka tangu msiba wa Baba.

Nimefurahi kwamba safari hii pia umeandika, kwa sababu jibu langu lisingepita kwenye simu.

Kwanza nikuambie kwamba shemeji amenipigia. Usimkasirikie. Aliongea kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa bafuni. Alisema lori letu umelitia breki, waya wa baiskeli na vipande vya ndala, na kwamba kila jioni unalipakia vifuko vya mchanga, unaliweka juu ya ubao, unainua ubao kwa tofali moja, la pili, la tatu, huku unahesabu, mpaka lori liteleze. Likiteleza unang'oa magurudumu na kuanza upya. Alisema yule bwana wa Mafinga aliyeagiza basi lake liigizwe kwa makopo na mikwaruzo yake yote amekuja mara mbili akarudi mikono mitupu. Alisema chakula unakigusa tu. Kisha akaniuliza kama mimi naelewa unatafuta nini, nikamjibu kwamba sielewi. Nilimdanganya. Naelewa sana, na tangu siku hiyo sina raha.

Unatafuta ulikosea wapi. Kwa miaka kumi na miwili umekuwa ukitafuta hilo. Uliacha gereji ya Ipogolo, hukushika tena spana ya gari la kweli, na mzee Sosthenes aliyekufundisha kazi alipokuja kukubembeleza urudi ulimwambia mkono wako ulimuua baba yako. Watu wakasikia, na watu hawakosi la kusema. Mpaka leo sokoni kuna wanaokuonyesha kwa kidevu, kwamba yule ndiye aliyekaza breki za lori la baba yake. Shemeji mwenyewe ameniambia, na mimi mwenyewe nimewahi kuwaona, nikanyamaza.

Sasa nisikilize, kaka, na kama umesimama tafadhali kaa.

Siku mbili kabla ya ajali tulilala Makambako. Tulikuwa tumebeba mchele wa Chimala kwenda kuuza Ruaha Mbuyuni, turudi na vitunguu. Unaijua Makambako ya Julai. Baba alikuwa na homa, anatetemeka ndani ya makoti mawili, akaniomba chai ya moto. Mkaa ulikuwa umeisha na kuni zote nilizookota zilikuwa zimelowa kwa ukungu, zinatoa moshi tu. Nikaliangalia gogo. Lilikuwa mninga mkavu, limekunywa grisi ya miaka. Nikachukua shoka la gari nikalipasua. Liliwaka vizuri mno. Baba alikunywa vikombe viwili, jasho likamtoka, akaniambia, "Leo tingo wangu umepatia moto." Alikuwa hanisifu mara nyingi, unamjua. Nililala nimefurahi.

Nilijiambia nitachonga jingine njiani kabla hajagundua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kitu nilichokiogopa kilikuwa kuchekwa. Nilijua Baba angewasimulia madereva wote mpaka Chimala kwamba ana tingo anayekula vifaa vya gari.

Kesho yake tukapita kwako Iringa, ukakaza breki za nyuma. Ulimaliza, ukajifuta mikono, ukamwambia Baba kwamba mkisimama Kitonga na mzigo, msitegemee breki peke yake, gogo kwanza. Baba akasema gogo lipo, muulize tingo. Ukanigeukia mimi. Unakumbuka ulivyoniuliza? Ulisema, "Jai, gogo lipo?" Nami nikakujibu, nikikuangalia usoni, "Lipo, kaka."

Ruaha Mbuyuni tulifika na jua kali, tukashusha mchele, tukapakia vitunguu mpaka jioni. Sikuchonga kitu. Wala sikusahau. Nilichoka, nikasema kesho, kesho ilipofika tukaondoka alfajiri.

Kitonga, kwenye kona ya tatu kutoka chini, tela lilikuwa limeharibika mbele yetu. Tukasimama nyuma yake, na injini yetu ikazima ikakataa kuwaka. Baba akasema, "Jai, weka gogo." Alisema kwa utulivu, kazi ya kila siku. Niliruka chini. Nililizunguka lori mara mbili, kaka, nikiangalia mnyororo mtupu kana kwamba gogo lingeota. Akatoa kichwa dirishani akasema tena, "Jai, gogo," kwa sauti ile ile. Sikumjibu. Kama ningemwambia halipo, angefungua mlango akaruka. Alikuwa na muda huo. Alibaki ameukanyaga mguu wa breki kwa sababu alijua mwanawe yuko nyuma anaweka gogo. Nilikimbilia mtaroni, nikang'oa jiwe, nikarudi nalo nimelikumbatia. Jiwe lilikuwa na umande, likateleza. Kwa kuwa injini ilikuwa imezima, upepo wa breki ulikuwa unaisha kidogo kidogo, na hakuna fundi duniani ambaye angeuzuia usiishe. Lilipoanza kurudi nyuma lilinipita hapa, ubavuni. Baba aliniangalia. Mengine unayajua.

Hesabu sasa, wewe unayehesabu kila jioni. Kuzunguka lori mara mbili. Kwenda mtaroni. Kung'oa jiwe lililozama udongoni. Kurudi nalo. Muda wote huo, na magunia yale yote ya vitunguu, lori halikusogea hata upana wa kiatu. Breki zako zilishika, Saulo. Zilishika kupita nilivyostahili.

Siku ya mazishi baba mdogo Alinanuswe aliniuliza mbele ya wazee nini kilitokea. Polisi pia waliniuliza, wakaandika nilichowaambia. Hakukuwa na shahidi mwingine, dereva wa tela alikuwa chini ya gari lake. Mimi ndiye niliyesema, "Breki zilikataa." Maneno hayo hayakutoka kwa watu wa sokoni wala kwa polisi, yalitoka kinywani mwangu. Wewe ulikuwa unaingia mlangoni na benchi la kukalia wageni. Ukaliweka chini taratibu, ukatoka nje. Nilikuona. Nilikuwa na nafasi ya kukufuata, nikabaki nimekaa kati ya wazee, wananipa pole.

Nilijaribu mara moja. Mwaka wa nne baada ya msiba nilipanda gari kuja Iringa kwa ajili hiyo tu, nimeyapanga maneno tangu Igawa. Nikakukuta uani umechuchumaa, unakata kopo utengeneze pikapu ya mtoto. Hukuniuliza nimefuata nini. Ukanipa mkasi, ukaniambia nishike upande wa pili. Nikashika. Ilipofika jioni pikapu ilikuwa na milango, na wewe ulikuwa umesema nami zaidi ya ulivyosema katika miaka yote minne. Nikaona nisiiharibu siku ile, na baada yake nikawa sitaki kuiharibu siku nyingine yoyote. Magari tisa tumetengeneza, kaka. Kila kifurushi nilichokutumia kilikuwa kinyamazisho changu. Ulipoandika Februari kwamba sasa tutengeneze la Baba, lilivyokuwa siku yake ya mwisho, na kila kitu chake, nilipaswa kukataa au kusema. Nikakujibu kwamba nitashughulikia rangi.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba siku ile gogo halikuwepo. Nilikaa na kipande cha mbao siku tatu nikijaribu kukuchongea hivyo hivyo, ili amani iendelee. Nilikata mawili mazuri, nikayatupa. Mnyororo uache mtupu, au uutoe, utakavyoamua. Lori ni la kwako.

Mama nimemwambia Jumapili, baada ya kanisa. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka vikaisha vyote, ndipo akaniuliza, "Gwe Jailos, na Saulo anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Mwandikie huyo kwanza. Mimi usiniombe kitu mpaka yeye amekujibu." Tangu siku hiyo hasemi nami. Ananifunikia chakula mezani, anaenda kukaa chumbani kwake, na nikitoka kwenda kazini namsikia analia. Siwezi kumlaumu kwa hilo.

Tarehe sita mwezi ujao, kwenye ibada ya kumbukumbu, nitaomba nafasi ya kusema kabla ya watu kutawanyika. Baba mdogo Alinanuswe atakuwepo, na wazee wale walio hai. Nitasema yote haya kama nilivyoyaandika. Kama hutaki kuniona siku hiyo, au siku nyingine, mwambie shemeji anijulishe, nitasema kisha nitaondoka kabla hujafika. Sikuombi msamaha ndani ya barua. Nimekaa na nafsi yangu nikaona kwamba mtu aliyekuacha ubebe kifo cha baba kwa miaka kumi na miwili, akijua si chako, hana haki ya kuomba kwa maandishi. Naona aibu, kaka. Sina neno jingine la kuieleza.

Mpe shemeji kamwene nyingi, salamu za huko kwenu, na umwambie nilimdanganya kwenye simu na kwamba nimejuta. Watoto wasalimu kila mmoja kwa jina lake. Mzee Sosthenes msalimu, na barua hii mpe aisome, sijali. Na wewe, mtu akikuuliza tena nani alikaza breki za lori lile, usiinamishe kichwa. Mwambie ni wewe.

Mdogo wako,
Jailos